Siku tano Ukerewe, mama akijua niko Bunda

Jumatano, Agosti 20

Meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe, nimeiona tangu utotoni. Kwetu ni Kirumba, kule juu Kabuhoro, na ukikaa kwenye jiwe lililo nyuma ya jiko unaiona ikitoka gati la Mwanza Kaskazini, inapita mbele yako taratibu, inaendelea kupungua mpaka inabaki kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Leo ndiyo mara ya kwanza naipanda. Nina miaka thelathini na saba.

Sababu ni mama. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imeshaikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Nilikuwa darasa la kwanza. Nyumba ya pili kutoka kwetu walifunga turubai, watu wakalala nje wiki nzima, na jeneza halikuja. Mama aliporudi msibani alitukalisha wote sebuleni akasema, "Gari likiharibika unashuka. Majini utashukia wapi?" Habari ya maji ikaishia hapo. Hata kivuko cha Kamanga, ambacho watu wa Sengerema wanakipanda kama daladala, sisi tulikitazama tu kwa mbali.

Jana nimemwambia nina kazi Bunda. Si uongo mtupu, maana kurudi nitarudi kwa barabara na Bunda nitapita.

Kazi yenyewe ni ya mashine ya fotokopi. Mimi ni fundi wa mashine hizo na printa, nina kibanda Makoroboi, Mwanza mjini. Kuna mama mwenye duka la stationari Nansio, mara mbili ameniletea mashine yake kwa meli, natengeneza, narudisha kwa meli, na kila ikifika inakuwa imevunjika kitu kingine. Juzi alinipigia: "Fundi, hii mashine imesafiri kuliko mimi. Safari hii njoo wewe." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumjibu nauli inakuwa shilingi ngapi.

Getini wanaandika jina, umri, namba ya simu. Nilipenda. Mbele yangu kulikuwa na kijana aliyejitambulisha kwa jina la utani, karani akaweka kalamu chini akamwambia, "Hilo tukikutafuta tutakupata?" Kijana akatoa la kwenye kitambulisho.

Ndani, chini, hakuna pa kukanyaga: kreti za soda, magodoro, mabati, trei za mayai, boksi la vifaranga lenye matundu, na seti nzima ya makochi ya kijani ambayo bado ina nailoni. Mwenye makochi kaketi juu ya lile kubwa, kakunja nne, anakula mahindi ya kuchoma. Ni abiria pekee aliyekuja na kiti chake.

Mimi nilipanda juu nikakaa jirani na sanduku la maboya, nikaanza kuyahesabu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Murutunguru, kofia ya pama, fimbo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kidogo.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Maboya, mzee."

"Hesabu watu. Boya ni la mwisho. Ukiona watu wamezidi, wewe shuka kabla haijang'oa nanga, boya utamwachia mwingine."

Basi nikahesabu watu. Nilifika mia moja sitini na nane, meli ikapiga honi, watoto wakaanza kukimbia huku na huku, hesabu ikapotea. Lakini hakuna aliyesimama kwa kukosa pa kukaa, na mzee alikuwa ameshaanza kusinzia. Nikaona nimfuate yeye.

Mwanza ukiitazama kutoka majini ni mji mwingine. Tunaoishi ndani tunaona foleni ya Makongoro na vumbi. Kutoka ziwani unaona mawe kwanza, halafu nyumba zimeshika mawe kama mbuzi, nyingine huelewi mwenye nayo anaifikiaje na mtungi wa gesi. Jiwe la Bismarck lilibaki nyuma, likawa dogo kuliko linavyoonekana kwenye picha za kila mgeni. Tukapita soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa ikatufuata mpaka ndani ya meli. Halafu, ghafla, Kabuhoro. Nililiona simtanki letu jeusi, nikaona na kamba ya nguo. Nikarudi nyuma ya nguzo nikajibanza. Mtu mzima nina watoto wawili, najificha nguzoni kana kwamba mama anaweza kunitambua kutoka mlimani akiwa na macho yale yanayoshindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Ilikuwa pia Agosti, tarehe 3, mwaka 1858, Mwingereza Speke alipofika Mwanza akaliona ziwa hili. Waarabu wa Tabora walikuwa wameshamwelekeza, na wao walikuwa wakiliita Ziwa la Ukerewe. Yaani walilipa maji yote haya, kilomita za mraba karibu 69,000, jina la kisiwa kimoja ninachokwenda kufungua mashine ya fotokopi. Speke akaona hapana, akalipa la malkia wake.

Saa ya pili ya safari ndiyo ilikuwa ngumu. Uwanja wa ndege ulishapotea, nchi kavu imebaki mstari, na upepo ukaanza kusukuma ubavuni. Meli haikuyumba sana, ila kuna ile kushuka kidogo ambako tumbo linachelewa kushuka nalo. Nilishika bomba la pembeni mpaka kiganja kikanuka chuma. Waliobaki? Mmoja ananyonyesha, wawili wanabishana Simba na Yanga, mwenye makochi chini analala kwenye kochi lake. Mzee alifungua jicho moja akauliza kama tumefika, akalifunga.

Nansio tulifika mchana, jua limesimama. Gati dogo, mawe makubwa, miti mingi kuliko nilivyotarajia, na bodaboda wamejipanga wakiita. Ni makao makuu ya wilaya yenye visiwa 38, lakini mji wenyewe unaumaliza kwa mguu kabla maji ya chupa hayajaisha. Nilipokanyaga nchi kavu magoti yalinicheza kidogo. Mama mwenye duka, aliyekuja kunipokea na mwamvuli, alidhani ni njaa, akanipeleka moja kwa moja kwa mama ntilie. Sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Ule ugali unavutika, haukatiki ovyo, na Mwanza mjini tunauona wa kizamani. Nilikula matonge mawili ya ngumi nzima.

Alhamisi, Agosti 21

Nilifungua mashine saa mbili asubuhi. Nilichokuta ndani sijawahi kukikuta Makoroboi: kwenye feni, kwenye gia, mpaka kwenye roli linalopasha karatasi joto, kulikuwa na unga wa kahawia mwepesi. Nilidhani ni wino. Nikauchukua kwa brashi nikauweka kwenye karatasi nyeupe, nikausogeza dirishani. Mabawa. Vibawa vidogo, maelfu, na miguu kama nywele.

"Ah, hao," mama mwenye duka akasema bila kuinua kichwa. "Taa ikiwaka usiku wanaingia."

Ni vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda angani kama moshi. Nimeviona maisha yangu yote, wingu jeusi linalosimama juu ya maji kwa mbali, wala sijawahi kufikiri kwamba lile wingu lina mahali linapotua. Linatua hapa. Halafu na karatasi nazo: rimu aliiweka chini sakafuni, ukuta wa nyuma ndio huo unaotazama ziwa, kwa hiyo karatasi inavuta unyevu, inalegea, ikiingia kwenye roli inajikunja. Mara zile mbili nilibadilisha vipuri vizima kabisa kwa sababu sikuwa nimeona nyumba ya mgonjwa. Fedha sikumrudishia, ila leo sikumtoza ufundi. Nilimwambia anunue pazia la neti na rimu ziwe juu ya shelfu. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyelipa mara mbili.

Kufikia saa tano foleni ilishafika nje. Kopi za kitambulisho cha NIDA, fomu za shule, leseni za uvuvi zilizokunjwa mara nane mpaka zimepasuka kwenye mikunjo. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa na karatasi za mkopo wa kikundi, vidole vyake vina magamba yanayong'aa, na kila alichokishika kikabaki na nyota. Kopi zilipotoka magamba mawili yalikuwa yamepiga chapa pembeni ya picha yake. Nikataka kurudia. "Acha," akasema, "watajua ni mimi."

Mchana kazi iliisha. Ningeweza kurudi kesho. Lakini mama mwenye duka alisema, umefika Ukerewe uishie kuona duka langu? Na kweli, kupanda nilishapanda, hofu nilishailipia.

Jioni nilishuka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Siku hizi ni za giza, mwezi haupo, na giza ndiyo kazi ya dagaa: mwezi ukiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Zamani ilikuwa karabai, ile inayopigwa pampu na kuvuma. Sasa wengi wana taa za betri zinazochajiwa kwa sola, zimefungwa kwenye vielea. Kijana aliyekuwa akifunga zake alinieleza kwamba karabai ilikuwa na faida moja, ukilowa unaota moto. Nilimuuliza kama haogopi. Akafikiri. "Naogopa injini ikizima," akasema, "maji yenyewe yako pale pale."

Saa mbili usiku nilitoka gesti nikatazama. Upande wa ziwa kulikuwa na mji. Taa mamia, zimepangana mpaka mwisho wa macho, na Nansio yenyewe kwa nyuma yangu ina taa chache kuliko maji.

Ijumaa, Agosti 22

Siku ya pikipiki. Kisiwa ni kikubwa, kilomita za mraba kama 530, hakuna kikubwa kuliko hiki katika maziwa yote ya Afrika, na ukiwa katikati unasahau kabisa kama umezungukwa na maji. Mihogo, mpunga mabondeni, michungwa kila ua. Bukindo nilionyeshwa nyumba ya ghorofa ya watemi wa zamani, imesimama kwa ukaidi, na Murutunguru nilipita nikitafuta kofia ya pama ya yule mzee wa melini, sikuiona. Msitu wa misonobari wa Rubya unanukia kama dawa ya kusafishia sakafu. Naandika haraka kwa sababu niliona haraka: dereva wangu alikuwa na haraka ya swala ya Ijumaa.

Ila jambo moja niliambiwa na mwalimu mstaafu tuliyesimama kwake kunywa maji. Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapa kisiwani na watu wa Mtemi Lukonge. Shuleni tulifundishwa kwa mstari mmoja, kama vile mtemi aliamka vibaya. Mwalimu akasema hapana, ugomvi ulianza na chombo. Kulikuwa na mfanyabiashara akiitwa Songoro, akiunda jahazi hapa kwa miti ya Ukerewe, na wamisionari wakaingia kati katika biashara ya jahazi lile huku mtemi akiona haki yake haijalipwa. Wakafa wote watatu. "Hapa," mwalimu akasema, akinimiminia maji mengine, "hata vita ina nahodha."

Jumamosi, Agosti 23

Ukara.

Mama mwenye duka ana dada yake kule na alikuwa na mzigo wa kumpelekea, unga wa ngano na madaftari. Mimi nikajitolea kabla sijafikiri. Hiace mpaka Bugolora, kisha kivuko.

Kila mtu Tanzania anaijua njia hii hata kama hajui jina lake. Septemba 20, 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka hapa Bugolora kuelekea Bwisya, huko Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 100 na tani 25 za mizigo. Waliokuwemo walizidi mara mbili na zaidi, na mahindi, na kreti. Kikapinduka kikiwa kimeshafika, gati la Ukara linaonekana, watu waliokuja kupokea ndugu zao wamesimama pale wanatazama. Walikufa 228.

Jambo hilo ndilo nililokuwa nikilifikiria kwenye kivuko cha leo. Umbali. MV Bukoba nayo ilikuwa imekaribia. Siku zote nilidhani hatari iko katikati, kule ambako nchi kavu ni mstari, ndiyo maana juzi nilishika bomba saa ya pili na kuliachia tulipoiona Nansio. Kumbe ilitakiwa iwe kinyume chake, maana watu wakiona wamefika ndipo wanaposimama wote kwa pamoja na kusogea upande mmoja, kila mtu na mzigo wake kichwani.

Makaburi yako Bwisya. Nilikwenda peke yangu, mzigo nikiwa nimeshaukabidhi. Safu ndefu, kimya, upepo wa ziwani, na mbuzi mmoja aliyefungwa mbali kidogo. Sikukaa sana, sikuwa na ndugu pale na niliona haya kuzubaa. Lakini kuna mmoja ninayemkumbuka kila nikiinama ndani ya mashine: fundi mitambo wa kivuko kile. Alitolewa akiwa hai siku ya Jumamosi, zaidi ya siku moja na nusu baada ya kuzama, alikuwa chumba cha injini ambako hewa ilibaki imenaswa chini ya chuma kilichogeuka juu chini. Watu wanamwita mwenye bahati. Mimi nawaza alikaa mle gizani anasikiliza nini.

Dada mtu alinikaribisha viazi vitamu na maziwa ya mgando, kisha mumewe akanitembeza shambani. Hapa ndipo niliposahau hofu zangu. Ukara ni kisiwa kidogo, watu wengi, udongo wa kichanga, na kwa hesabu ya kawaida wangekuwa wameshahama zamani. Hawakuhama. Ng'ombe wao hawachungwi hovyo: niliyemwona alikuwa bandani, amechimbiwa chini kama shimoni, majani analetewa na watu, na samadi inakanyagwa na kurundikana pale chini yake mpaka siku ya kutolewa. Mume mtu aliingiza mkono akaniletea ngumi ya samadi ile, nyeusi, ya moto kidogo, haina harufu kali. "Hii ndiyo akiba yetu," akasema. Mashamba yamekatwa ngazi kwenye miteremko na kuzuiwa kwa mawe. Zamani, katikati ya uwele, walikuwa wakipanda mmea uitwao marejea, si ya kula, ya kufukia udongoni irudishe rutuba. Na kila mti una mwenyewe. Kila mti, hata ule uliosimama peke yake kwenye jiwe. Wataalamu wa kilimo wa kikoloni walikuja hapa miaka ya 1930 kusoma mambo haya, na nadhani waliondoka kama mimi, wakijisikia wameelezwa jambo na watu waliokuwa hawana haja ya kulieleza.

Jiwe linalocheza, ambalo kila mtu aliniuliza nimeliona au bado, sikuliona. Muda haukutosha.

Haukutosha kwa sababu ya kivuko. Kurudi, foleni ilikuwa ndefu, na kijana wa kwenye lango alikuwa anahesabu. Anahesabu kwa kidole, kwa sauti, anamgusa kila mtu bega. Alipofika mbele yangu akavuta kamba. "Imetosha. Wengine safari ijayo."

Nyuma yangu mama mmoja mwenye beseni la nyanya akaanza kulalamika. Na mimi, niliyekuwa nimetoka makaburini saa chache zilizopita, niliyehesabu maboya na watu na kila kitu, nilisikia mdomo wangu unasema: "Kaka, mtu mmoja tu atazamisha nini?"

Hakunijibu. Alinitazama tu, wala si kwa hasira. Yule mama wa nyanya akanyamaza naye. Nilikwenda nikakaa juu ya jiwe nikala chungwa, nikasubiri kama wengine.

Jumapili, Agosti 24

Kwaheri Nansio. Mama mwenye duka alinifungia machungwa nusu gunia, nikamwambia ni mengi, akasema ni ufundi ule ambao sikuutoza. Mashine inafanya kazi, rimu ziko kwenye shelfu, pazia la neti bado. "Mwezi ujao," amesema.

Safari hii barabara. Hiace mpaka Rugezi, pale kisiwa kinapokaribiana na bara, kisha pantoni ya kwenda Kisorya. Ni kipande kifupi cha maji, magari yanapanda, watu wanasimama pembeni, hata kuzungumza hamjamaliza mmefika. Nilipanda bila kuhesabu. Nililigundua hilo nikiwa ng'ambo.

Ndani ya basi mjadala ulikuwa daraja. Tangu lile la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, kilomita 3 hivi juu ya maji, kila mtu mwenye kivuko kwao anataka daraja. Jamaa mmoja wa Kibara alishaliweka la kwake kabisa, anaonyesha kwa mkono litakapopita. Mwingine akasema mkijengewa daraja mtaleta na foleni.

Samaki wa Kisorya, lami mpaka Bunda. Stendi ya Bunda nilishuka makusudi, nikanunua maji, nikampigia mama.

"Niko Bunda, mama."

"Bado tu? Kazi gani hiyo ya siku tano?"

"Nimemaliza. Nakuja."

Lamadi, pori la Serengeti kushoto, ziwa linajitokeza na kupotea kulia. Magu. Kisesa. Jua lilikuwa linazama tulipoingia Igoma, konda anapiga bati, anaita "Igoma, Igoma, wa makaburini!" Ni jina la kituo tu, midomo imelizoea. Pale ndipo walipozikwa wengi wa MV Bukoba. Nimepita Igoma mara elfu nikienda kununua vipuri na kurudi. Leo nilitazama dirishani mpaka gari likaondoka.

Nyumbani nimefika usiku. Mama alikuwa kwenye kigoda nje, redio pembeni. Nilimwamkia, nikaweka mzigo chini, gunia likafunguka lenyewe na chungwa moja likabingirika mpaka miguuni pake. Lile la kijani, ganda jembamba, lenye madoa. Akaliokota, akalinusa, akaomba kisu.

"Bunda siku hizi wanalima machungwa?"

Nilinyamaza. Ndani mke wangu alizima maji ya bomba ili asikie vizuri.

Mama akaanza kumenya, taratibu, ganda linashuka mzima bila kukatika kama anavyopenda. Alifika nusu bila kuinua macho.

"Watu walikuwa wangapi?"

"Mia moja sitini na nane," nikasema. "Halafu watoto wakaanza kukimbia."